Sanaa Katika Kituo cha Jamii Baada ya Maafa: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Maafa yakishapita, kituo cha jamii hutwishwa kazi ambazo hakikujengewa. Ukumbi uliokuwa wa mikutano na mazoezi unageuka ghala la magodoro asubuhi, zahanati mchana na malazi usiku. Mara nyingi kituo chenyewe kimeezuliwa paa au kimejaa tope. Wasanii nao hujitokeza mapema, wa karibu na wa mbali, na wazo la kwanza karibu kila mara huwa tamasha la kuchangisha pesa au mchoro mkubwa ukutani. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Tatizo ni kuyatanguliza. Mpangilio wa mwongozo huu ni mwingine: watu wapate kwanza sababu ya kuja kituoni na kitu cha kushika mikononi, vitu vyao viokolewe, pesa zitafutwe baadaye, na ukuta upakwe rangi karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Anza na mabango

Siku za mwanzo ni za uokoaji, maji, chakula, malazi na kutafutana. Warsha ya uchoraji wakati huo ni kero. Lakini kuna kazi moja ambayo msanii anaiweza kuliko mtu mwingine yeyote kituoni, nayo haimpatii makofi: kuchora alama. Watu wanafika wamechoka, wengine wamepoteza miwani, wengine hawasomi lugha inayotumika ofisini. Waonyeshe maji yalipo, vyoo, pa kujiandikisha, pa kuchaji simu. Herufi nene nyeusi juu ya manjano husomeka kwa mbali. Pembeni ya kila neno weka picha, na andika kwa kila lugha inayosemwa humo ndani. Kila tangazo liwe na tarehe na saa, na awepo mtu mmoja wa kuyabandua yaliyopitwa. Tangazo la jana lililosahaulika mlangoni huwapangisha watu foleni ya bure.

Jengo lenyewe lisitumike kwa shughuli yoyote mpaka mhandisi au mkaguzi aseme ni salama. Baada ya mafuriko, magodoro, mazulia na mbao laini zilizolowa huota kuvu, na kuvu huwaumiza wenye pumu kabla wengine hawajahisi kitu. Ikiwa umeme ni wa jenereta, ikae nje, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na imeua watu waliokwisha kunusurika maafa yenyewe.

Hatua ya 2: Kaa na wenye kituo

Wenyeji husema mgeni njoo mwenyeji apone, ila mgeni anayekuja na mpango wake mfukoni humwongezea mwenyeji kazi. Kabla ya kuleta rangi au ngoma, keti na wanaoendesha kituo uwaulize saa zipi ukumbi u wazi, nani ana ufunguo, nani atafagia, na ni jambo gani wangefanya leo kama wangekuwa na mikono zaidi. Jibu la swali hilo la mwisho mara nyingi halina harufu ya sanaa: viti, kivuli, mahali pa watoto kukaa mama zao wakiwa kwenye foleni. Lichukue hivyohivyo.

Japani, baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, msanifu majengo Toyo Ito na wenzake walianza kujenga vibanda vya kukutania vilivyoitwa Minna no Ie, yaani nyumba ya wote, katika maeneo ya makazi ya muda. Cha kwanza kilijengwa Sendai mwaka huohuo. Wasanifu wale walizungumza na wakazi kwanza, na nyumba iliyotokana na mazungumzo hayo ilikuwa ndogo, ya mbao, yenye baraza. Ito alikuwa na jina kubwa tayari, na angeweza kuwaletea mnara.

Watafute wasanii waliopatwa na maafa hayohayo. Mwanamuziki aliyepoteza ala na fundi cherehani aliyepoteza cherehani wamepoteza furaha na riziki kwa pamoja. Baada ya kimbunga Katrina kuipiga New Orleans, Marekani, mwaka 2005, wanamuziki Harry Connick Jr. na Branford Marsalis walishirikiana na shirika la Habitat for Humanity kuanzisha mtaa wa nyumba uliokusudiwa hasa wanamuziki waliopoteza makazi. Ukumbi wa muziki wa mtaa huo ulifunguliwa mwaka 2011, nyumba zikiwa zimekwisha kupata watu. Walianza na vitanda kwa sababu mpiga tarumbeta asiye na pa kulala haendi mazoezini, anahama mji.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja: siku na saa, vifaa vitabaki kuwa vya nani, nani anaruhusiwa kupiga picha, na mradi unaisha lini.

Hatua ya 3: Siku moja kila wiki, bila kukosa

Huu ndio moyo wa kazi yote. Chagua siku moja, saa moja, kona moja ya ukumbi, na usibadilishe. Watu ambao kila kitu chao kimevurugika hupata nafuu kwa kujua tu kwamba Jumatano saa kumi kutakuwa na meza, nyuzi na watu wanaowafahamu. Muda wa saa moja hadi saa moja na nusu unatosha. Anza na kitu kifupi kinachojirudia, labda wimbo uleule au kila mtu kutaja jina lake. Kisha kazi yenyewe. Halafu malizeni pamoja, vifaa vikirudishwa kwenye sanduku na wote.

Chagua kazi ambayo mikono inaifanya huku mdomo uko huru: kushona viraka, kufuma, kusuka ukili, kufinyanga udongo. Watu wanaotazama sindano huzungumza mambo wasiyoyasema wakitazamana usoni, na asiyetaka kuzungumza ana kisingizio kizuri cha kunyamaza. Kuimba kwa pamoja kuna faida nyingine: wote huvuta pumzi kwa mpigo mmoja, na hakuna anayelazimika kuwa hodari.

Usimwambie mtu achore maafa. Usimwulize alipoteza nini. Shirika la Afya Duniani halishauri watu wakusanywe mara tu baada ya tukio la kutisha na kuhimizwa kusimulia kila kilichowapata katika kikao kimoja. Mwongozo wake wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia unajengwa juu ya vitendo vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani ana hali mbaya. Msikilize akitaka kusema. Muunganishe na huduma, jamaa au taarifa anayoihitaji. Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza uwe na orodha ya simu iliyohakikiwa: mshauri nasaha, zahanati, ofisi ya ustawi wa jamii. Mtu anayezungumzia kujiua, asiyelala kwa wiki nyingi, au aliyeacha kabisa kujihudumia yeye au watoto wake, anahitaji mtaalamu, na kazi yako ni kumfikisha. Usiite kikao chako tiba kama hakuna aliyesomea tiba hiyo. Kiite darasa la kushona. Watu wengi huona wepesi kuja kwenye darasa la kushona kuliko kwenye tiba.

Mengine huyaoni mpaka mtu atoke nje analia. Ngoma nzito huwashtua waliopitia mlipuko au tetemeko. Kuzima taa kwa ajili ya maonyesho huwatisha watoto waliokaa gizani chini ya vifusi. Kuna mchezo maarufu wa maigizo ambapo kitambaa kirefu cha bluu hupepewa juu ya vichwa kama bahari. Mbele ya manusura wa mafuriko usiuthubutu. Tangaza mapema sauti na giza vitakavyokuwapo, na acha mlango mmoja wazi wakati wote.

Watoto wawe na watu wazima wawili kila mara, na mlezi aridhie kwanza. Mtoto akichora nyumba iliyobomoka, mwache achore. Usimsifu kupita kiasi, usimfasirie. Akirudia picha ileile kwa wiki kadhaa huku akizidi kuwa na wasiwasi, zungumza na mlezi na umwelekeze kwa mtaalamu. Michoro ni mali ya watoto. Kuitundika mbele ya wafadhili ili watokwe machozi ni kuuza maumivu ya mtoto, na mimi ningekataa hata kama mchango ni mkubwa.

Hatua ya 4: Okoa picha za watu

Ukiniuliza ni kazi gani ya kisanaa inayostahili kutangulia nyingine zote baada ya mafuriko, nitasema hii. Nyumba inaweza kujengwa tena, lakini picha ya marehemu mama haipatikani dukani. Baada ya tsunami ya 2011, watu wa kujitolea nchini Japani waliokota picha kutoka kwenye vifusi, wakaziosha, wakazikausha na kuzipanga kwenye kumbi ili wenyewe waje kuzitafuta. Kazi hiyo inahitaji mabeseni, maji safi, kamba, subira na watu wenye mikono mitulivu. Wapiga picha, wachoraji na wanafunzi wa sanaa wanaifaa sana, na wazee pia, maana ndio wanaotambua sura.

Muda ni adui, kwa hiyo kazi hii isingoje zamu yake katika orodha hii. Picha zilizolowa zina takriban saa 48 kabla kuvu hakijaanza kushika, tena pungufu kwenye joto. Vaa glavu, kwa sababu maji ya mafuriko huwa yamechanganyika na ya vyoo, na vaa barakoa kama kuvu kimeshaonekana. Kabla ya kugusa picha iliyo katika hali mbaya, ipige kwa simu kwanza. Pengine hiyo ndiyo nakala itakayobaki. Usizibandue kwa nguvu zilizogandana. Ziloweke kwenye maji safi ya baridi mpaka ziachiane zenyewe. Iliyonata kwenye kioo cha fremu isiondolewe kwenye kioo: ioshe pamoja nacho, maji yakipita taratibu. Usisugue upande wenye sura, maana tabaka la picha huwa limelainika na hutoka na kidole. Badilisha maji kila yakichafuka, kisha laza picha kwenye karatasi ya kufyonza maji, uso juu, au uzitundike kwa vibanio vikishika pembe tu, kivulini penye upepo.

Picha zilizochapwa kwa printa ya wino wa nyumbani ni habari nyingine. Wino wake huyeyuka, kwa hiyo usiziloweke. Zikaushe kama zilivyo. Na kama rundo ni kubwa kuliko mikono mliyo nayo, tenganisha picha kwa karatasi ya nta, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, ziweke kwenye friza. Baridi husimamisha uharibifu, nanyi mtaziyeyusha kidogo kidogo miezi ijayo.

Kila picha ipate namba, na namba hiyo iandikwe daftarini pamoja na mahali na siku ilipookotwa. Zikishakauka zipangeni kituoni. Msizimwage zote mtandaoni. Humo mna picha za watoto, za watu waliofariki, na za faragha ambazo mwenyewe asingependa jirani azione. Anayekuja kudai aangalie ndani ya ukumbi, mhudumu akiwa karibu, na pawe na kiti pembeni, kwa sababu wengine miguu huwaishia hapo.

Hatua ya 5: Sasa tafuta pesa

Tarehe 1 Agosti 1971, wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar walifanya maonyesho mawili ukumbini Madison Square Garden, New York, kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Mapato ya mlangoni, takriban dola 243,000, yalipelekwa UNICEF. Lakini fedha nyingi zaidi zilizotokana na santuri na filamu ya maonyesho hayo zilikwama kwa miaka mingi kwenye masuala ya kodi ya Marekani, kwa sababu hadhi ya hisani haikuwa imeshughulikiwa kabla ya tamasha. Watu wenye majina makubwa kiasi hicho, na bado makaratasi yaliwashinda.

Basi fungua akaunti kabla ya kuchapa tiketi. Iwe ya kituo, wala isiwe ya msanii, yenye watia saini wasiopungua wawili wasio ndugu. Uliza mamlaka ya mapato na ofisi inayosimamia michango wanataka kibali gani. Kisha taja kitu kinachochangiwa. Kwa mchango wa “kusaidia waathirika” watu watatoa mara moja, basi. Kwa mabati ya paa, tanki la maji au viti mia moja, watauliza yamebaki mangapi.

Piga hesabu ya tamasha bila huruma. Jukwaa, vipaza sauti, usafiri na ulinzi vikigharimu 400 na tiketi ikauzwa 5, watu 80 wa kwanza wamelipia jukwaa tu. Kituo kinaanza kupata kuanzia mtu wa 81. Mkiwa na ukumbi wa watu 100, tamasha hilo halina maana, na ni afadhali kuuza kazi za mikono. Shuka la viraka lililoshonwa na kikundi cha Jumatano na kupigwa mnada halihitaji jukwaa. Kadi zilizochapwa kutokana na michoro ya watu wazima walioridhia huuzika mwaka mzima. Mauzo hayo yawe na mgawanyo unaojulikana mapema, sehemu ya mshonaji na sehemu ya kituo.

Walipe wasanii wa hapo. Najua neno kujitolea linavyopendwa, lakini aliyepoteza nyumba anapopiga gitaa bure mbele ya mafundi sauti wanaolipwa, kuna kitu kimekaa upande. Msanii wa nje ndiye ajitolee, na aje na fungu la kuacha. Mwaka 2007 msanii Paul Chan alipopeleka igizo la jukwaani kwenye mitaa ya New Orleans iliyoharibiwa na Katrina, sambamba na bajeti ya igizo alianzisha mfuko wa pembeni kwa ajili ya mashirika ya hapohapo.

Hesabu ibandikwe mlangoni kwa herufi kubwa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Aliyechora mabango katika hatua ya kwanza anajua jinsi ya kuifanya isomeke.

Hatua ya 6: Igizo la kuuliza

Miezi ikipita, ugomvi huanza. Nani amepata mabati, nani ameachwa, kwa nini orodha ina majina ya watu wasiojulikana. Hapa igizo la jukwaa huru, njia iliyobuniwa na Augusto Boal wa Brazil, linafaa kuliko mkutano. Andaeni kisa cha dakika kumi kinachoishia vibaya: mjane anafika dirisha la ugawaji, anaambiwa jina lake halipo, anarudi nyumbani. Kisa kinarudiwa, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti “simama”, akapanda jukwaani, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Mwongozaji haamui nani yuko sahihi. Anauliza tu watu kama ile njia ingewezekana kweli.

Kisa kisiwe maafa yenyewe, na kisimwige mtu anayejulikana. Wakaribisheni wanaofanya maamuzi wakae mbele, na mtu aandike kila pendekezo. Bila huyo mwandishi jioni itakuwa ya kicheko, na kesho foleni itakuwa ileile.

Hatua ya 7: Ukuta, na viwanja vilivyobaki wazi

Sasa ukuta umekauka. Au pengine bado. Bandika kipande cha plastiki angavu ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, kiache usiku na mchana. Ukikuta matone kwa ndani, maji yangali humo na rangi itabambuka. Unga mweupe wa chumvi ukijitokeza ukutani, usugue kwa brashi kavu, na usubiri uone kama utarudi. Rangi kuukuu inaweza kuwa na madini ya risasi, yenye sumu, kwa hiyo usiipige msasa mkavu, hasa watoto wakiwa karibu. Paka rangi ya msingi, kisha akriliki ya nje, na mwisho vanishi. Sehemu ya chini, mpaka kifuani, waachieni watoto na wasiojua kuchora. Ya juu ni ya wenye ujuzi wa kupanda jukwaa la ujenzi.

Rasimu mbili au tatu zikae kituoni wiki kadhaa kabla ya kuchagua moja, watu wabandike maoni yao. Sura ya marehemu isichorwe bila idhini ya familia. Na tafadhali, msichore wimbi, moto wala nyufa. Wanaopita hapo kila siku wanayakumbuka.

Si lazima kila kitu kidumu. Huko Christchurch, New Zealand, baada ya matetemeko ya 2010 na 2011, kikundi cha Gap Filler kilijaza viwanja vilivyobomolewa kwa vitu vya muda. Kilichopendwa sana, cha mwaka 2012, kilikuwa sakafu ya dansi inayoendeshwa na mashine ya zamani ya kufulia nguo kwa sarafu: unatia sarafu, unachomeka kifaa chako cha muziki, taa na spika zinawaka. Kitu cha muda kina uzuri wake, maana kikiwachosha watu mnakihamisha bila kikao.

Hatua ya 8: Siku ya kutimia mwaka

Wiki zinazoikaribia siku hiyo, usingizi huharibika na hasira hupanda hata kwa waliokuwa wametulia. Kikundi cha Jumatano kiambiwe mapema kwamba ni kawaida. Ratiba iwe fupi, isiwe na hotuba za wafadhili, na kuhudhuria kuwe hiari. Mwaka 2012 msanii Peter Majendie alipanga viti 185 vilivyopakwa rangi nyeupe, kimoja kwa kila aliyekufa katika tetemeko la Christchurch la tarehe 22 Februari 2011. Vilikuwa vya aina mbalimbali, kuanzia viti vya starehe hadi kiti cha mtoto mchanga. Kazi ya namna hiyo haihitaji maelezo. Kama mtasoma majina, kila familia ihakiki herufi na matamshi, na anayeyasoma afanye mazoezi.

Hatua ya 9: Kabidhi

Mradi wa nje unaoondoka ghafla ni pigo jingine, kwa hiyo tarehe ya mwisho itajwe miezi mitatu kabla. Katika muda huo wenyeji waongoze vikao, wewe ukae nyuma. Acha daftari la mahudhurio, lakini usiishie kwenye idadi: angalia nani aliacha kuja, umtume mtu akamjulie hali. Picha zisizodaiwa zikabidhiwe kwa maandishi kwa kituo au kwa hifadhi ya nyaraka ya manispaa, pamoja na daftari lake la namba, maana zipo zinazodaiwa baada ya miaka. Orodha ya vifaa ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, ufunguo mmoja abaki nao kiongozi wa kikundi na wa pili uwe ofisini, na salio la akaunti lisomwe mbele ya watu siku hiyohiyo ya kukabidhi, kabla ya chakula.